Mama Wanga na Kidonge cha Mkwewe

Jina la Mama Wanga alipewa na wateja, na mwanzoni lilimletea taabu kidogo. Alikuwa dobi, na wanga wake ulikuwa ule mweupe wa kukazia kola, unaochemshwa mpaka uwe uji mwepesi. Shati likichovywa humo likapigwa pasi, linasimama lenyewe kama askari wa gwaride. Lakini mgeni wa mtaa akiambiwa, "Peleka nguo kwa Mama Wanga," alisita, akidhani anatumwa kwa wale wanaoruka uchi usiku. Mwenyewe alicheka. "Mimi nawanga mchana," alisema, "tena kwa pasi, na mlango wazi."

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Palikuwa na meza ndefu iliyovikwa blanketi la zamani na shuka juu yake, pasi mbili za umeme, na moja ya makaa kwa siku ambazo umeme umekwenda zake. Uani kulikuwa na mabeseni na kamba za kuanikia. Alipiga shati kwa mpango asioukiuka: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo, na mwisho vile vipande viwili vya mbele ambavyo mteja huvitazama kuliko kingine chochote. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba mke wake angeweza kunyoosha hata maneno ya wanasiasa.

Nyumbani aliishi na mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na misumari mingi mfukoni, pamoja na mke wa mwanawe, aliyefundisha chekechea. Mkwe huyo Mama Wanga alimwita "Mwalimu." Kwa wengine ingekuwa heshima. Kwake ilikuwa pia namna ya kukaa mbali kidogo, maana hakujua amwite nini. Hawakuwahi kugombana hata siku moja. Mwalimu aliamka mapema, akasalimia kwa kukunja magoti, akapika, akaenda kazini. Lakini kati yao palikuwa na adabu nyingi kupita kiasi, na adabu ikizidi hukwaruza kama kola iliyotiwa wanga mwingi.

Chanzo chake kilijulikana, ingawa hakikutajwa. Ndoa ilikuwa imekwenda miaka bila mtoto. Siku moja, watoto wa jirani walipokuwa wakipiga kelele nyuma ya ukuta, Mama Wanga alisema tu, "Afadhali nyumba yetu ina utulivu." Alimaanisha kelele. Akamwona Mwalimu akiinamisha macho kwenye kikombe cha chai, na akajua neno limeangukia pabaya. Alitaka kulirudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kila alipojaribu kulieleza moyoni lilizidi kuwa baya. Akanyamaza. Mwalimu naye akanyamaza.

Kisha ukaja ule uvimbe.

Aliugusa mwenyewe akioga, chini ya kwapa la kushoto, kitu kigumu kama punje ya hindi iliyojificha ndani ya ngozi. Akakificha. Alikificha miezi, akivaa magauni mapana, akijiambia ni chunusi, ni uchovu, ni mkandamizo wa meza. Mwanawe alikuja kujua siku alipomkuta ameshindwa kuinua mkono kuanika shuka. Kwa bahati, walipofika hospitali mambo hayakuwa yameharibika. Alifanyiwa upasuaji, titi moja likaondoka, akapigwa mionzi, akarudi nyumbani mwembamba na mwenye hasira na kila kitu, hata na paka.

Daktari aliyemhudumia alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoteleza puani kila alipocheka. Alimpa vidonge vidogo vya njano, kimoja kila siku, kwa miaka.

"Uvimbe wako, mama, ulikuwa unajilisha kwa homoni inayoitwa estrojeni," alimwambia. "Ndiyo chakula chake."

"Mimi? Hedhi niliiaga zamani, daktari. Hiyo homoni naitoa wapi?"

"Ovari zimestaafu, kweli. Lakini mafuta ya mwili, misuli, hata ngozi, bado vinaipika kidogo kidogo. Kuna kimeng'enya kinaitwa aromatasi, ndicho mpishi wake. Kidonge hiki kinamfunga mpishi mikono. Hata kama kuna mbegu ya ugonjwa imebaki mahali, itakuta sufuria tupu."

Maneno hayo Mama Wanga aliyaelewa vizuri sana. "Kumbe namnyima chakula," alisema. "Basi na afe njaa, mwizi yule."

Tatizo ni kwamba mpishi alipofungwa mikono, na mikono ya Mama Wanga ilifungwa. Asubuhi vidole vilikaa kama vibanio vya nguo vilivyoshika kutu. Magoti yaligoma. Kukamua shuka likawa jambo la machozi. Joto lilimpanda ghafla usoni, na kwa kuwa alisimama mbele ya pasi kutwa, hakujua amlaumu nani, pasi au dawa. Daktari alikuwa amemwonya juu ya viungo na kumwambia arudi akizidiwa. Lakini Mama Wanga hakuwa mtu wa kurudi kulalamika. Aliona aibu kumwambia aliyemwokoa kwamba uokovu unamuuma magoti.

Ndipo alipoingia Bi Habari. Huyu alikuwa jirani muuza matunda, na jina lake linajieleza.

"Shoga yangu, unajitesa bure," alisema, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja huku akila zabibu zake mwenyewe. "Mwanangu kanisomea kwenye simu. Uyoga ule mweupe wa dukani unafunga hiyohiyo estrojeni. Mbegu za zabibu pia. Wamepima maabara! Kitu Mungu kakiotesha ardhini, wewe unameza cha kiwandani?"

"Wamepima kwa watu?"

"Wamepima. Maabara ni maabara."

Mama Wanga alitafuna neno hilo siku nzima. Kesho yake alinunua uyoga. Kidonge alikitazama, akakirudisha kwenye pakiti. Hakumtangazia mtu. Alikaanga uyoga kwa kitunguu, akala na mkate, akatafuna na mbegu za zabibu kwa bidii iliyomuumiza taya, na baada ya wiki chache vidole vilianza kulegea. Akashika tena mashuka. Akaimba tena juu ya pasi. Kama kulikuwa na sauti ndogo ndani yake iliyouliza swali, aliizima kwa mvuke.

Hali ikawa hivyo mpaka Jumamosi moja ya kufua nguo za nyumbani.

Dobi yeyote atakwambia kwamba nguo haiingii majini kabla mfuko haujapekuliwa. Mama Wanga alikuwa ameokoa humo funguo, miwani, meno ya bandia ya mzee mmoja, na pete ya ndoa ambayo mwenyewe alidai hajaipoteza. Siku hiyo alitia mkono kwenye mfuko wa aproni ya Mwalimu, ile yenye madoa ya rangi za watoto, akatoa chaki, kifungo, na ukanda wa vidonge vya njano.

Jina lililoandikwa nyuma hakuweza kulitamka, lakini aliijua sura yake kama mtu anavyoijua sura ya jirani. Kwanza alidhani ni vyake, kwamba Mwalimu amegundua havimezwi na sasa anavipeleka kwa fundi majokofu ili wamsute. Akakimbilia chumbani. Pakiti yake ilikuwa palepale chini ya kanga. Akarudi uani, akakaa kwenye ukingo wa beseni, na aproni ikabaki mapajani mwake.

Mtoto wa watu. Kijana kiasi kile.

Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile ina kazi nyingine yoyote duniani. Kwake ilikuwa na maana moja tu. Alikumbuka mambo: Mwalimu kuomba ruhusa kazini mara mbili, Mwalimu na mumewe kunong'ona na kunyamaza akiingia, Mwalimu kurudi siku moja macho mekundu akisema ni vumbi la chaki. Na yeye, aliyewahi kuficha, alizijua njia zote za maficho. Vumbi la chaki! Yeye alisema chunusi.

Aliviweka vile vidonge mezani pa Mwalimu, chini ya daftari za watoto, kama ambaye hakuona. Angemwulizaje? Yeye mwenyewe, kama kuna mtu angemuuliza wakati ule, angemfukuza kwa ufagio. Lakini jioni ile Mwalimu alipoinuka kwenda kuosha vyombo, alikuta vimeoshwa. Asubuhi alikuta chai imepikwa na kufunikwa. Na kwenye sahani yake kulikuwa na uyoga.

"Mama, umeamka mapema," Mwalimu alisema, amesimama mlangoni kama mgeni.

"Kaa ule. Uyoga ni mzuri kwa… kwa mwili."

Mwalimu alikaa akala. Na kilichompasua Mama Wanga moyo ni jinsi alivyokula, kwa utii, bila kuuliza, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Sasa palizuka jambo ambalo Mama Wanga hakulitarajia. Usiku kucha lilikuwa limemsumbua. Alitaka binti huyu ameze dawa yake kila siku asiache hata moja. Alitaka kumwambia, uyoga kula, lakini kidonge usikiache, usije ukathubutu. Na alipojisikiliza akisema hivyo moyoni, alijiona. Kwa nini kwa Mwalimu kidonge kiwe lazima, na kwake kiwe hiari? Kama uyoga haumtoshi mkwe, unamtosha yeye vipi?

Akaenda chumbani, akatoa pakiti chini ya kanga, akarudi nayo mezani. Akameza mbele ya Mwalimu, kwa maji mengi na mbwembwe, akionyesha ulimi baadaye kama wanavyofanya watoto wa chekechea.

"Kila siku," alisema. "Hata viungo viume. Mtu anameza tu."

Mwalimu alimtazama kwa mshangao. "Ndiyo, mama," akajibu.

Wiki ile vidole vilianza kukaza tena. Mama Wanga akazidi kumeza kila asubuhi hadharani. Alimbebea Mwalimu mfuko mpaka barabarani. Alimkataza kuinua ndoo. Alimwambia fundi majokofu, "Mke wako anahitaji kupumzika, wewe una mikono, osha choo," na yule bwana, asiyejua kilichompata mama yake, akaosha. Kadiri Mwalimu alivyotendewa wema ndivyo alivyozidi kunywea, na Mama Wanga akaona ni ugonjwa unamla.

Mambo yalifunguka juu ya shuka.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali, na mashuka makubwa ya nyumba ya wageni yalikuwa yamekauka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, hulivuta, hulipiga hewani, kisha hutembea wakakutana katikati na kukabidhiana. Walikuwa wamekunja kadhaa. Katika moja, walipokutana katikati, Mama Wanga alishika pembe na vidole vya Mwalimu pamoja, asiviachie.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ni titi gani?"

Mwalimu alipepesa macho. "Titi?"

"Usinifiche. Mimi nilificha, nusura nife. Mficha maradhi kifo humuumbua. Niliviona vidonge kwenye aproni. Ndivyo hivihivi vyangu. Niambie tu ni la kushoto au la kulia, halafu tutakwenda wote. Sitakuacha uende peke yako."

Mwalimu akalivuta shuka akajifunika uso nalo, na Mama Wanga akasikia akilia ndani yake.

"Mama, siumwi titi. Mimi…" Sauti ilitoka kwa shida kwenye kitambaa. "Mayai yangu hayapevuki, mama. Daktari amesema ovari zina vifuko vingi vidogo, mayai yanaanza kukua halafu yanakwama. Ndiyo maana hatuna mtoto. Dawa ni hiyo. Nameza siku tano tu, mwanzoni mwa mzunguko, halafu naacha."

"Dawa hiihii? Inayozuia estrojeni?"

"Hiihii. Alinieleza, nami nilimwuliza vilevile. Estrojeni ikipungua kwa siku chache, ubongo unashtuka. Unadhani ovari zimelala. Basi unazipigia kelele: amkeni, fanyeni kazi! Na kelele hizo ndizo zinazolikuza yai."

Mama Wanga alikaa chini palepale, juu ya kapu la nguo. Hakuna saratani. Hakuna kisu. Binti ni mzima.

"Na wewe ulikuwa unanificha hilo? Mwanangu, hata wahenga walisema, mficha uchi ha—"

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mficha uchi hazai. Methali ilikuwa imeshatoka nusu, na nusu iliyobaki ilining'inia kati yao. Mama Wanga alitamani ardhi impasukie. Mara ya pili! Mdomo uleule! Alifumba macho akingoja kilio, na alichosikia ni kitu kama kukohoa. Alipofumbua, Mwalimu alikuwa ameliteremsha shuka usoni, machozi yanamtiririka, na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Malizia, mama," alisema. "Si uongo. Ndiyo methali yenyewe!"

Wakacheka mpaka shuka likaanguka vumbini, likabidi lifuliwe upya. Walipochoka kucheka, Mama Wanga alimwomba radhi kwa lile neno la utulivu wa nyumba. Alieleza kelele za watoto wa jirani, akaeleza vibaya, akaanza tena. Mwalimu alimshika mkono. "Nilidhani umeviona vidonge ukanionea huruma," alisema. "Kila ulipoosha vyombo nilisema, ameshajua mimi ni tasa, ananistahi tu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu na macho yake yalizoea kuona kinachofichwa chini ya dawati, akaongeza, "Lakini mama, wiki hii ndiyo nimekuona ukimeza. Kabla ya hapo ulikuwa ukimeza saa ngapi?"

Zamu ya Mama Wanga ikawa imefika. Akasema yote: vidole, uyoga, Bi Habari, mbegu za zabibu.

"Tutakwenda wote," Mwalimu alisema. "Si ndivyo ulivyoniambia?"

Walikwenda. Daktari aliteremsha miwani, akasikiliza, na wala hakumgombeza, jambo ambalo Mama Wanga aliona ni zito kuliko kugombezwa.

"Bi Habari hajadanganya," alisema. "Kwenye chupa za maabara, maji ya uyoga na ya mbegu za zabibu yameonekana kuizuia aromatasi. Lakini chupa si mwili. Ukiula uyoga, unapita tumboni, kwenye ini, kwenye damu. Kiasi gani kinafika? Kinazuia kiasi gani? Kwa muda gani? Bado hatujui, na mimi siwezi kukulinda kwa kitu nisichokijua kipimo. Uyoga ule, mama, ni chakula kizuri. Ila usiuajiri kazi ya kidonge."

Akamkunja na kumkunjua vidole kimoja kimoja. Alisema maumivu yale yanawapata wengi, na si aibu kuyasema, kwani dawa hiyo ina ndugu zake na mara nyingine mtu akikataliwa na mmoja hukubaliwa na mwingine. Alimbadilishia. Akampima mifupa pia, kwa sababu estrojeni ikikosekana mifupa hupungukiwa, akamwambia atembee kila siku. Mama Wanga alisema yeye hutembea kutwa kuzunguka meza. Daktari akasema meza haihesabiki.

Ndugu yule mpya wa dawa alikuwa na tabia njema zaidi. Maumivu hayakwisha, ila yalipungua yakawa ya kuvumilika, na jioni wanawake hao wawili wakaanza kutembea pamoja hadi mwisho wa mtaa na kurudi, wakipita mbele ya meza ya matunda. Bi Habari alielezwa kwa upole. Alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba uyoga ni mboga tu.

Kwa upande wa Mwalimu, mambo hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Mwezi mmoja alirudi kutoka kipimo na picha yenye duara jeusi, akasema, "Mama, yai moja limekua," na Mama Wanga akalipigia vigelegele yai hilo, akawashtua wateja. Lakini mimba haikushika. Mwalimu alilala siku nzima ameugeukia ukuta. Mama Wanga hakumpa methali yoyote. Alileta kiti na mashati ya wakili mmoja, mteja wake, akakaa chumbani mwake akishona vifungo vilivyolegea, mpaka Mwalimu akageuka, akaomba sindano, akamsaidia. Mwezi mwingine nao ukapita. Daktari wake akashauri wapumzike, na walipumzika muda mrefu, wakidhani pengine ndiyo basi, na fundi majokofu akaanza kurudi mapema kumpeleka mkewe kutembea.

Mimba ilikuja walipoanza tena, mwaka uliofuata. Walimwambia Mama Wanga uani, wote wawili, na yeye akaanza kuanika mashuka ambayo yalikuwa tayari yamekauka.

Mtoto alikuwa wa kike, mwenye sauti ya kipaza sauti. Tangu upasuaji, mkono wa kushoto wa Mama Wanga ulivimba ukibebeshwa uzito, basi mjukuu alimbeba upande wa kulia siku zote. Pasi ilibidi ahamie kuishika kwa mkono wa kushoto, polepole, kazi nyepesi tu, leso na foronya. Mtoto akazoea bega hilo moja la kulia. Wengine wakimlaza bega la kushoto alilia mpaka azungushwe, na baba yake alisema ni ukaidi. Mama Wanga alimpokea, akamweka bega lake la kulia, na mtoto akalaza shavu akanyamaza.

"Si ukaidi," alimwambia mwanawe. "Anajua bibi yake ni mzima upande gani."